Zamu ya ukumbi, zamu ya mtandao: korona ilivyoivuruga biashara ya filamu, na mkataba tunaopaswa kuuogopa

Wanajukwaa, salaam.

Mjadala wa filamu unapoanzishwa humu, haufiki ukurasa wa pili kabla mtu hajauliza kama kumbi za sinema zimekufa na kama Netflix na wenzake ndio waliozizika. Swali hilo lilikuwa na uzito mwaka 2020, milango ya kumbi ilipofungwa karibu dunia nzima na hakuna aliyejua ingefunguliwa lini. Leo lina jibu, nami nitalieleza, lakini naona linafunika swali jingine lililo zito zaidi kwa sisi tunaoishi kwa kazi hii: filamu inapotoka mahali pamoja kwenda pengine, nani analipwa, analipwa mara ngapi, na karatasi aliyosaini inasema nini.

Mimi ni mhariri wa filamu. Nimefanya kazi hii Dar es Salaam tangu enzi za CD, na mengi nitakayoyasema nimeyafuatilia kwa sababu yananigusa mfukoni. Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu.

Filamu huuzwa kwa zamu. Kabla ya korona, filamu kubwa ya Marekani ilikaa ukumbini peke yake kwa muda wa siku 75 hadi 90 hivi, kisha ikaja zamu ya kukodishwa na kuuzwa mtandaoni na kwenye DVD, kisha televisheni ya kulipia, na mwishoni televisheni ya bure. Kazi ni ile ile moja, lakini kila zamu ilikuwa na mteja wake na bei yake: asiyeweza kusubiri alilipa zaidi, na aliyekuwa tayari kusubiri mwaka mzima alilipa kidogo au hakulipa kabisa. Mikataba ya waigizaji, waongozaji na waandishi ilijengwa juu ya ngazi hizo, kwamba tiketi zikivuka kiasi fulani nyota wa filamu anaongezewa, na filamu ikirudiwa kwenye televisheni mwandishi anapata malipo ya marudio. Kwa hiyo anayeigusa zamu anagusa mishahara ya watu wengi ambao hawakuwemo chumbani wakati uamuzi unafanywa.

Machi 2020 ngazi ya kwanza ilitoweka kwa siku chache. Studio ya Universal ilikuwa na filamu ya watoto, Trolls World Tour, ambayo ilikwisha kutangazwa kila mahali, na tarehe 10 Aprili 2020 ikaitoa kwa kukodisha mtandaoni kwa dola 19.99. Iliripotiwa kwamba katika muda wa wiki tatu hivi iliingiza karibu dola milioni 100 nchini Marekani. Kilichowashtua wenye kumbi ni mgawanyo wa fedha hizo kuliko wingi wake, kwa kuwa tiketi ya ukumbini huiachia studio takriban nusu ya bei, ilhali ukodishaji wa mtandaoni uliiachia kiasi cha asilimia 80. AMC, kampuni kubwa kuliko zote ya kumbi za sinema, ikatangaza kwamba haitaonyesha tena filamu za Universal. Ugomvi haukufika mbali. Tarehe 28 Julai 2020 walipatana kwamba filamu ikae ukumbini siku 17, kisha studio iwe huru kuikodisha mtandaoni, na AMC ipate fungu lake humo. Siku zilizokuwa zaidi ya sabini zikawa kumi na saba, na mpaka leo muda wa zamu ya ukumbi unajadiliwa filamu kwa filamu.

Warner Bros. walikwenda mbali zaidi. Tarehe 3 Desemba 2020 walitangaza kwamba filamu zao zote 17 za mwaka 2021 zitaonyeshwa ukumbini na kwenye HBO Max, jukwaa lao la mtandaoni, siku moja. Jukwaa hilo lilikuwa na miezi michache tu tangu lizinduliwe, na wenye nalo walihitaji wateja kwa haraka. Wasanii wengi walipata habari hiyo kama ulivyoipata wewe na mimi, kwenye vyombo vya habari. Mwongozaji Christopher Nolan, aliyekuwa amefanya kazi na studio hiyo kwa karibu miaka ishirini, aliwalaumu waziwazi, na filamu yake iliyofuata akaipeleka Universal.

Naomba tukae kidogo kwenye kesi ya Scarlett Johansson, mwigizaji mkuu wa filamu ya Black Widow, kwa sababu ndani yake kuna somo lote. Black Widow ilitoka Julai 2021, ukumbini na kwenye Disney+ kwa wakati mmoja, na mteja wa Disney+ alilipa dola 30 hivi kuiangalia nyumbani. Disney wenyewe walitangaza kwamba malipo hayo ya nyumbani yaliingiza dola milioni 60 mwishoni mwa juma la kwanza. Mwishoni mwa mwezi huo huo Johansson alifungua kesi. Hoja yake ilikuwa kwamba mkataba ulimwahidi zamu ya ukumbi, kwamba malipo yake ya ziada yalitegemea tiketi za ukumbi, na kwamba kampuni ilipoihamishia filamu mtandaoni ilijipatia wateja kwa kutumia fedha ambazo zingekuwa zake. Walipatana Septemba 2021 na masharti hayakutangazwa. Fikirini lakini: mtu mwenye jina kubwa kiasi hicho, mwenye mawakili wa kila aina, alikutana na mkataba ulioandikwa kabla ya dunia kubadilika, na maneno yake yakawa hayatoshi. Je, sisi tunaosaini juu ya meza ya hoteli tukiwa na njaa ya kumaliza deni la kamera?

Sasa lile swali la kumbi. Mapato ya tiketi Marekani na Kanada yalikuwa zaidi ya dola bilioni 11 mwaka 2019, yakaanguka hadi kama bilioni 2 mwaka 2020, na mwaka 2023 yakarudi karibu na bilioni 9. Kumbi zimejeruhiwa, baadhi ya kampuni, kama Cineworld mwaka 2022, zimepita mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai, lakini hazikufa. Zaidi ya hapo, studio ziligundua kwamba filamu iliyopewa zamu yake ukumbini hufika mtandaoni ikiwa na jina kubwa zaidi. Top Gun: Maverick ilikuwa tayari tangu kabla ya korona, wenyewe, Paramount, wakakataa kuiachia mtandaoni, wakaingoja miaka miwili, na mwaka 2022 ikaingiza karibu dola bilioni 1.5 ukumbini kabla ya kufika kwenye jukwaa lao Desemba. Oppenheimer, ile ya Nolan aliyoihamishia Universal, ilianza kuonyeshwa Julai 2023, ikakaa ukumbini miezi minne kabla ya kukodishwa mtandaoni, na ikapita dola milioni 950. Filamu ya saa tatu kuhusu mwanasayansi!

Majukwaa nayo yalipata mshtuko wao. Miezi mitatu ya kwanza ya mwaka 2022 Netflix ilipoteza wateja 200,000, na robo iliyofuata ikapoteza karibu milioni moja. Ndipo wakaleta kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo Novemba 2022, na mwaka uliofuata wakaanza kuwabana wanaoazimana nywila. Kwa maneno mengine, waliokuja kutuambia kwamba televisheni imepitwa na wakati wameishia kuuza matangazo katikati ya vipindi. Hilo linafundisha kwamba fedha ya wateja wa mwezi peke yake haikutosha kulipia filamu zote zile, na kwamba zamu zilizovunjwa zinajengwa upya, polepole, kwa majina mengine.

Mwaka 2023 madeni ya mabadiliko haya yalidaiwa barabarani. Waandishi wa Marekani walianza mgomo tarehe 2 Mei na wakaendelea kwa siku 148, na waigizaji wakajiunga Julai na kugoma siku 118. Akili mnemba ilizungumzwa sana, na ilistahili, lakini malalamiko ya muda mrefu yalikuwa malipo ya marudio. Zamani kipindi kikirudiwa kwenye televisheni, hundi ilikuja. Kwenye jukwaa la mtandao kipindi hakirudiwi, kinakaa tu, kinaangaliwa usiku na mchana, na malipo yake hayakufuata idadi ya watazamaji, kwa sababu idadi hiyo ilikuwa siri ya kampuni. Makubaliano yaliyopatikana yaliweka nyongeza kwa kazi inayoangaliwa na walau asilimia 20 ya wateja wa ndani ya nchi katika siku 90 za kwanza, na chama cha waandishi kikapata haki ya kuonyeshwa saa za utazamaji. Desemba ya mwaka huo Netflix ikatoa kwa mara ya kwanza orodha ya saa zilizotazamwa kwa zaidi ya kazi 18,000. Mimi naihesabu hiyo kuwa faida kubwa kuliko fedha zenyewe, kwa sababu huwezi kudai fungu la kitu usichojua ukubwa wake.

Ufaransa walichagua njia ya sheria. Huko muda wa kila zamu umeandikwa katika makubaliano yanayosimamiwa na serikali, na Januari 2022 Netflix ilikubali kungoja miezi 15 baada ya ukumbi, kutoka miezi 36 ya awali. Majukwaa ya kigeni pia yanatakiwa kurudisha walau asilimia 20 ya mapato yao ya Ufaransa katika utayarishaji wa kazi za huko na za Ulaya.

Afrika hakuna vizuizi vingi vya namna hiyo, kwa hiyo tulipokea kilichokuja na tukaachwa kilipoondoka. Netflix ilitangaza mwaka 2023 kwamba tangu 2016 imewekeza dola milioni 175 barani, sehemu kubwa ikienda Afrika Kusini. Prime Video ya Amazon iliingia Nigeria kwa kishindo, ikasaini mikataba na kampuni kubwa za Lagos, na Januari 2024 ikatangaza kwamba haitaagiza tena kazi mpya Afrika. Watu walikuwa na miswada mezani na waigizaji waliokwisha kuahidiwa kazi.

Nollywood hawakukaa kulia. Mwezi mmoja tu kabla ya tangazo hilo, A Tribe Called Judah ya Funke Akindele ilikuwa imeingia kumbini, na ikawa filamu ya kwanza ya Nigeria kuvuka naira bilioni moja kwa tiketi. Na kwa upande wa pili kabisa, watayarishaji wengi walihamia kwenye chaneli zao za YouTube: Machi 2025 Omoni Oboli aliweka filamu yake ya mapenzi huko, na ndani ya wiki chache ikawa imetazamwa zaidi ya mara milioni 20. Walio makini miongoni mwao hawachagui kati ya ukumbi na mtandao. Wanapanga zamu: ukumbi, kisha leseni ya jukwaa kwa miaka michache, kisha filamu inarudi kwa mwenyewe na kuwekwa kwenye chaneli yake. Neno la kushika hapo ni “inarudi”.

Nije nyumbani. Wanaokumbuka enzi za Kariakoo wanajua kwamba filamu ya Bongo iliuzwa mara moja tu. Mtayarishaji alibeba masta yake hadi kwa msambazaji, akalipwa fungu moja, akasaini karatasi iliyohamisha haki zote. Tulikuwa tunaikata hadithi moja vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili iuzwe mara mbili, na hiyo ndiyo zamu pekee tuliyoijua. Mwaka 2013 zilikuja stempu za Mamlaka ya Mapato (TRA) kwenye CD na DVD ili kupambana na nakala haramu, lakini wakati huo mteja alikwisha kuhama kwenda kwenye flashi, na vijana wa kujaza muvi walikuwa wamefungua meza kila stendi.

Mwaka 2011 nilihariri filamu ya mtayarishaji mmoja ambaye sasa ni marehemu. Aliiuza kwa namna hiyo hiyo, akalipa madeni, akabakiwa na kidogo cha kuanzia nyingine. Leo filamu ile iko YouTube katika chaneli isiyo ya familia yake, sehemu zote mbili zimeunganishwa, na tangazo la sabuni linakatiza kilio cha mama ambacho nilikaa nacho usiku kucha ili kitoke vizuri. Mjane wake aliniletea ule mkataba akiuliza kama kuna chochote anachoweza kudai. Nilimsomea kifungu kinachosema kwamba haki zote zimehama, kwa njia zote zilizopo na zitakazokuja baadaye. Yule bwana aliuza YouTube kabla hajajua kwamba YouTube ingekuja kuwa soko la filamu.

Ndiyo maana nikiona vijana wetu wanashangilia kwamba jukwaa fulani limenunua filamu yao, furaha yangu inaambatana na hofu. Nilifurahi mno Binti ya Seko Shamte ilipoingia Netflix, na mwaka 2023 nilikaa na watoto wangu tukaiangalia Katope ya Walt Mzengi Corey, moja ya filamu fupi sita zilizotokana na shindano la Netflix na UNESCO, ambapo kila mshindi alipewa bajeti ya dola 75,000 za kutengenezea na zawadi ya dola 25,000. Kazi hizo zimetufungulia mlango. Hata hivyo, jukwaa ni msambazaji kama wasambazaji wengine, na swali la kumuuliza ni lile lile ambalo hatukumuuliza mwenzake wa Kariakoo: unachukua nini, kwa nchi zipi, kwa miaka mingapi, na kikiisha kinarudi kwa nani?

Naomba michango.

Mchangiaji, Nairobi:

Shukrani kwa mleta uzi. Nakubaliana nawe juu ya mikataba, ila habari ya zamu naona inawahusu wenye kumbi. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2021 ilisema bara hili lina skrini moja ya sinema kwa kila watu 787,402. Hapa Kenya kumbi zilifungwa Machi 2020, nyingine hazikufunguliwa tena, na zilizopo ziko ndani ya maduka makubwa ambako tiketi na nauli ni mzigo kwa mwananchi wa kawaida. Kwetu jukwaa halikuja baada ya ukumbi, limekuja mahali pa ukumbi. Tamthilia yetu ya Country Queen ilipotoka Netflix Julai 2022, ndugu zangu wa mashambani waliisikia siku moja na watu wa Los Angeles, na jambo hilo halijawahi kutokea katika maisha yangu.

Wakati huo huo nikiri kwamba hata jukwaa lenyewe halikutufikia vile tulivyodhani. Netflix ilianzisha kifurushi cha bure kwa simu za Android hapa Kenya Septemba 2021, bila matangazo na bila kadi ya benki, ikitumaini kwamba watu wakizoea watalipa. Kilifungwa Novemba 2023. Nilikuwa mmoja wa waliokitumia, na ninaweza kusema kwa nini sikuhamia cha kulipia: ada ya mwezi ningeiweza, lakini bando za kuangalia filamu mbili kwa wiki ziliipita ada yenyewe. Sasa niambie, katika hali hiyo zamu ya kwanza iko wapi?

Mleta uzi:

Ndugu yangu wa Nairobi, umenishika mahali pagumu na nashukuru. Umesema kweli kwamba siwezi kuichukua ngazi ya Marekani na kuisimamisha Kibera au Manzese kama ilivyo. Lakini zamu haimaanishi ukumbi wenye viti vyekundu. Maana yake ni kwamba kwa muda fulani filamu inapatikana mahali pamoja tu, kwa bei fulani, na muda huo una mwisho uliokubaliwa. Zamu ya kwanza inaweza kuwa maonyesho kumi katika kumbi za halmashauri na vyuo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilianzia katika tamasha la Toronto Septemba 2021, maelfu ya maili kutoka Unguja inayosimuliwa ndani yake, na jina ililolipata huko ndilo lililoisaidia ilipokuja kutafuta watazamaji nyumbani. Inaweza pia kuwa king'amuzi, kwa sababu chaneli za Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo zinaingia katika nyumba ambazo bando haliingii.

Hili la bando ulilolieleza ni kubwa na sidhani kwamba linajadiliwa vya kutosha katika mikutano ya wadau. Tunazungumza kana kwamba mtazamaji analipa mara moja, kumbe analipa mara mbili, kwanza kampuni ya simu na kisha jukwaa, na mwenye filamu hana fungu katika malipo yale ya kwanza ambayo mara nyingi ndiyo makubwa.

Mchangiaji, Morogoro:

Wakuu, mimi ninaendesha kibanda cha kuonyesha mpira na muvi, na mara nyingi watu wa filamu wakikutana hutuita wezi. Nataka kueleza upande wetu kwa heshima. Mtazamaji wangu analipa shilingi 500. Anataka muvi iliyotafsiriwa, kwa sababu wengi wamekua na sauti ya mtafsiri Lufufu na waliomfuata, na muvi ya Kizungu isiyo na mtafsiri hawaitaki. Korona ilipoingia na mikusanyiko ikapigwa marufuku, nilifunga, na nilipofungua nilikuta vijana wamezoea kujaziwa flashi na kuangalia kwenye simu, lakini mpira uliwarudisha, na wakisharudi kwa mpira wanabaki kwa muvi.

Tatizo langu ni hili: sijawahi kumwona mtu aliyekuja kuniambia kwamba filamu yake mpya inaonyeshwa vibandani kwa wiki mbili, lipa kiasi hiki, chukua faili hili na bango hili. Ningelipa. Filamu ya Bongo nikiipata mpya kabla haijafika mtandaoni inajaza benchi zote, kwa sababu hiyo haihitaji kutafsiriwa.

Mleta uzi:

Mkuu wa Morogoro, nimeusoma mchango wako mara tatu. Miaka yote niliyokaa katika kazi hii nimehudhuria vikao vingi vya kulaani vibanda, na sikumbuki kikao hata kimoja ambapo mwenye kibanda alialikwa kuuliza bei. Vijiji na miji midogo ambako hakuna jumba la sinema vina vibanda, na vibanda vina kile ambacho AMC walipigana na Universal kwa ajili yake: watu waliokaa pamoja, wamelipa mlangoni, na hawawezi kusogeza filamu mbele.

Ugumu ninaouona ni wa faili. Faili likishatoka mkononi mwangu, kesho liko kwenye flashi za stendi. Studio za Marekani hupeleka filamu kumbini ikiwa imefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hufanya kazi kwa ukumbi mmoja na kwa tarehe zilizowekwa tu. Sisi hatuna mtambo huo, ila nimeona watu wakisafiri na filamu yao wenyewe, wanafika na kompyuta, wanaonyesha, wanagawana mapato ya mlangoni na mwenye ukumbi, wanaondoka nayo. Kwa filamu moja na vibanda ishirini vya mkoa mmoja, jambo hilo linawezekana. Nitakutumia ujumbe wa faragha.

Mchangiaji, Muscat:

Assalaam alaykum. Naandika kutoka Oman, ambako wengi wetu tuna asili ya Zanzibar na Kiswahili ndicho tunachozungumza nyumbani. Mama yangu ana miaka zaidi ya sabini, na burudani yake ya jioni ni tamthilia za Kiswahili za YouTube kwenye televisheni ya sebuleni. Angelipia kama angejua pa kulipia, lakini king'amuzi cha huko hakifiki huku na kazi nyingi hazipo kwenye majukwaa ya hapa. Nauliza tu kama watayarishaji wanatufikiria.

Mleta uzi:

Wa alaykum salaam. Mfikishie mama salamu zangu, kwa sababu yeye ni mtazamaji wa thamani kuliko anavyojua. YouTube humwachia mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya kawaida, lakini bei ya tangazo lenyewe hutegemea nchi aliko mtazamaji, na watangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa nchi za Ghuba, Uingereza au Marekani kuliko wa Tanzania. Filamu yenye watazamaji 10,000 wa Muscat, London na Minneapolis inaweza kumpa mwenyewe fedha nyingi kuliko yenye mara kadhaa ya idadi hiyo hapa nchini. Kwa hiyo mtayarishaji anayeuza “dunia nzima” kwa bei ya Afrika Mashariki anamtoa mama yako bure.

Kuna waliouliza kwenye ujumbe wa faragha nini hasa waandike. Mimi si wakili, na mkataba upelekwe kwa wakili, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa ajili ya usajili wa kazi na ushauri wa hakimiliki. Ila kwa niliyoyaona, toeni leseni badala ya kuuza haki. Tajeni njia moja moja, ukumbi, kibanda, king'amuzi, jukwaa la kulipia, chaneli ya bure, na isiyotajwa ibaki kwenu, pamoja na njia ambazo bado hazijavumbuliwa. Tajeni nchi. Wekeni miaka, miwili au mitatu, na tarehe ya kurudi. Daini taarifa ya watazamaji kila miezi mitatu hata kama malipo ni fungu moja, kwa sababu taarifa hiyo ndiyo itakayopanga bei ya filamu yenu inayofuata. Na mhariri, mpiga picha na mwandishi watajwe katika mapato ya baadaye, hata kwa asilimia moja moja. Hili la mwisho watayarishaji ninaofanya nao kazi hawalipendi, nami nalisema hata hivyo.

Nina ombi moja. Ninakusanya mikataba ya usambazaji ya filamu za Bongo iliyosainiwa kati ya mwaka 2005 na 2014, ili wakili aliyekubali kutusaidia aangalie kama ipo yoyote ambayo haikutaja mtandao waziwazi. Mwenye nakala, au familia yenye nakala kwenye sanduku la marehemu, afunike majina na bei, apige picha ya ukurasa wa haki tu, na anitumie kwa faragha. Mpaka leo asubuhi ninayo sita. Katika hiyo sita, miwili imeandika “CD na DVD” na ikaishia hapo.